Saikolojia ya kitufe: Kwa nini simu hurahisisha kuingia na kutatiza kutoka

KOSA la kutuma pesa kwa nambari isiyokusudiwa limewafika watu wengi nchini tangu huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007. Tarakimu moja ikikosewa, karo ya mtoto humfikia mtu asiyejulikana, ambaye huenda ni muungwana au huenda si muungwana. Aliyepatwa na mkasa huo aghalabu hujilaumu mwenyewe kwamba alikuwa na haraka, au macho yamepungua nguvu, au hakuwa makini. Jamaa zake nao humwongezea lawama.

Wataalamu wa saikolojia wanaochunguza uhusiano baina ya binadamu na mitambo hutoa jibu tofauti. Kabla ya kumlaumu mtu, wao huuliza iwapo chombo alichokuwa akikitumia kiliundwa kwa namna iliyomwezesha kuliona kosa kabla halijatendeka. Kutokana na swali hilo kumezuka taaluma nzima, ambayo leo huamua rangi ya kitufe unachobonyeza, mahali kilipowekwa, na hata maneno yaliyoandikwa juu yake. Taaluma hiyo imewaokoa wengi. Vilevile, kama tutakavyoona, imewafilisi wengine.

Chimbuko lake ni vita. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani lilitatizwa na marubani wa ndege za B-17 ambao, baada ya kutua salama, walikunja magurudumu na kuifanya ndege ilale kwa tumbo kwenye barabara yake. Wakubwa wao waliona huo kuwa uzembe. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza chumba cha rubani, aligundua kwamba swichi ya magurudumu na ile ya vibawa vya kupunguzia mwendo zilikaa bega kwa bega na zilifanana. Rubani aliyechoka, akiwa gizani, alikusudia kugusa hii akagusa ile. Chapanis hakupendekeza marubani waadhibiwe wala wafunzwe upya. Wenzo wa magurudumu ulitiwa kichwa chenye umbo la gurudumu na ule wa vibawa ukatiwa umbo la kabari, ili mkono utambue hata pale ambapo jicho halioni.

Mnamo 1947, wanasaikolojia Paul Fitts na Richard Jones walichanganua visa 460 vilivyokuwa vikiitwa makosa ya marubani. Walionyesha kuwa visa vingi vilifuata mkondo unaoweza kutabirika, kutegemea jinsi vifaa vilivyopangwa. Maadamu kosa linatabirika, linaweza kuzuiwa kwa kubadilisha kifaa badala ya kumkemea mtu.

Miongo minne baadaye, Mmarekani Donald Norman, ambaye ndiye anayesifiwa kwa kulieneza neno la tajriba ya mtumiaji alipokuwa katika kampuni ya Apple miaka ya tisini, aliandika kitabu kuhusu saikolojia ya vitu vya kila siku. Katika kitabu hicho cha 1988 alitenganisha aina mbili za makosa. Kuna kukosea, ambapo mtu ana nia isiyofaa tangu mwanzo kwa kuwa hakuielewa hali. Kisha kuna kuteleza, ambapo nia ni sahihi kabisa ila kitendo kinapotoka njiani. Waswahili walilikaribia wazo hilo zamani waliposema kuteleza si kuanguka. Anayetuma pesa kwa nambari isiyo yenyewe ameteleza. Hakuna mafunzo yatakayomsaidia, kwa sababu anajua vyema alilotaka kufanya.

Mfano ulio wazi zaidi ni mashine za kutolea pesa katika benki. Baadhi ya mashine za awali zilitoa noti kwanza, kisha zikarudisha kadi. Wateja walichukua noti wakaenda zao, kadi wakaiacha mdomoni mwa mashine. Hawakuwa wapumbavu. Akili ya mwanadamu ikishalitimiza lengo lake hulifunga jambo hilo, na chochote kinachobaki baada ya lengo husahaulika kwa urahisi. Suluhisho halikuwa bango la kumkumbusha mteja. Mpangilio uligeuzwa, mteja akalazimika kuchukua kadi kwanza ndipo noti zitoke.

Jina badala ya nambari

Tukirudi kwenye pesa za simu, ni muhimu kuelewa ni kwa nini nambari huponyoka. Mnamo 1956, George Miller alichapisha makala mashuhuri yaliyodai kwamba kumbukumbu yetu ya muda mfupi hubeba takriban vitu saba. Mwaka 2001 Nelson Cowan aliipunguza idadi hiyo hadi takriban vinne. Nambari ya simu ya Kenya ina tarakimu kumi. Ndiyo maana mtu akitajiwa nambari huigawa katika mafungu, na ndiyo maana ukimkatiza katikati hulazimika kuanza upya.

Fauka ya hayo, nambari haina sura. Mtu akitazama nambari aliyoiandika na kuulizwa kama ni sahihi, hana cha kuilinganisha nayo isipokuwa nambari nyingine iliyo kichwani mwake, ambayo tayari inafifia. Jina ni jambo tofauti. Ukitarajia kuona Wanjiku na badala yake akatokea Otieno, hushtuki kwa sababu umefikiri, bali unashtuka kabla ya kufikiri. Wanasaikolojia hutofautisha kukumbuka na kutambua, nao wanakubaliana kwamba kutambua ni kazi nyepesi zaidi kwa ubongo.

Kwa miaka kadhaa, mtumaji wa M-Pesa aliliona jina la mpokeaji katika arafa ya kuthibitisha, yaani wakati pesa zilikuwa zimeshaondoka. Ni kweli kwamba alionyeshwa nambari na kiasi kabla ya kukubali, lakini onyo linalotokea kila mara hugeuka kuwa sehemu ya mwendo. Kidole hubonyeza kukubali kabla ya jicho kusoma, sawa na mtu anayeitikia salamu bila kuisikia. Katikati ya muongo wa 2010, Safaricom ilianzisha Hakikisha, ambapo jina la mpokeaji lilijitokeza kwenye skrini na mtumaji akapewa sekunde chache za kuusitisha muamala. Baadaye ukaongezwa utaratibu wa kuituma arafa hiyo kwa nambari 456 ili kuomba pesa zirudishwe.

Mtu anaweza kuyapuuza mabadiliko hayo kama jambo dogo la kiufundi. Mwandishi wa makala haya anayahesabu miongoni mwa mambo ya maana zaidi kuwahi kufanyiwa skrini ya simu nchini. Huduma ambayo sifa yake kuu ni kasi ilikubali kujiwekea kizingiti. Kizingiti hicho hakikuwekwa popote tu. Kiliwekwa pale hasa ambapo mtu huteleza, na kikapewa umbo ambalo akili hulitambua bila jitihada.

Pengine hilo lisishangaze, kwa sababu huduma yenyewe ilizaliwa kwa kuwatazama watu. Majaribio ya mwaka 2005, yaliyofanywa kwa ushirikiano na shirika la mikopo midogo la Faulu, yalilenga kuwasaidia wakopaji kulipa madeni yao kwa simu. Waundaji wake waligundua kwamba watu walikuwa wakiitumia kwa mambo mengine, likiwemo lile la kutumiana pesa wao kwa wao. Walipoizindua rasmi, kaulimbiu yao ilikuwa kutuma pesa nyumbani.

Kizingiti kama hicho kimetumika kwingineko pia. WhatsApp ilipoona uvumi ukienea kama moto wa nyikani, ilipunguza mwaka 2019 idadi ya mazungumzo ambayo mtu angeweza kuyasambazia ujumbe kwa mara moja hadi matano kote duniani. Aprili 2020, wakati wa janga la korona, ujumbe uliokwisha kusambazwa mno ukaruhusiwa kwenda kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja. Hakuna aliyekatazwa kusema. Kila mmoja alipunguziwa kasi, na kampuni ikatangaza kwamba usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulishuka kwa asilimia 70.

Njiwa wa Skinner

Elimu hiyohiyo inaweza kugeuzwa juu chini. Anayejua mahali pa kuweka kizingiti ili mtu asiteleze, anajua pia mahali pa kukiondoa ili ateleze.

Mnamo 1957, B. F. Skinner na mwenzake Charles Ferster walichapisha matokeo ya majaribio mengi yaliyofanyiwa wanyama, wakiwemo njiwa waliofunzwa kudonoa kitufe ili wapate chakula. Njiwa aliyepata punje kila baada ya idadi maalumu ya midonoo alifanya kazi kwa vipindi, akipumzika baada ya kila malipo. Lakini yule ambaye malipo yake hayakutabirika, pengine baada ya midonoo mitatu, pengine baada ya hamsini, alidonoa kwa kasi bila kupumzika. Hata malipo yalipokatizwa kabisa, alichukua muda mrefu kukata tamaa.

Msomaji ayalinganishe hayo na kidole kinachovuta kioo cha simu chini ili kuona kama kuna jipya. Mara nyingi hakuna, mara chache kuna habari ya maana. Mwaka 2006, msanifu Aza Raskin alibuni mtindo wa ukurasa usio na mwisho, ambao hujiongeza wenyewe kila unapokaribia kikomo. Awali mtu alilazimika kubonyeza ili aone ukurasa wa pili, na katika nukta hiyo ndogo alipata nafasi ya kujiuliza kama angali anataka kuendelea. Raskin aliiondoa nafasi hiyo kwa nia ya kumpunguzia mtu usumbufu. Miaka kadhaa baadaye alijitokeza hadharani kueleza majuto yake kuhusu jinsi uvumbuzi huo ulivyotumiwa.

Katika kamari, matokeo ni mazito zaidi kwa kuwa hapa kinachopotea si wakati tu. Utafiti ulioongozwa na Luke Clark na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wachezaji wanaokosa ushindi kwa wembamba wa unywele hupata hamu ya kuendelea kucheza, ingawa wao wenyewe husema tukio hilo haliwafurahishi. Ubongo hulichukulia kama ushindi uliokaribia, ilhali kwa hesabu za mfukoni ni hasara kamili. Mchezo unaoendeshwa na programu unaweza kusanifiwa ili kukosa kwa aina hiyo kutokee mara kwa mara.

Isitoshe, pesa zenyewe hazionekani. Drazen Prelec na Duncan Simester, katika jaribio walilolichapisha mwaka 2001, waliwaalika wanafunzi nchini Marekani kushindania tiketi za michezo kwa mnada. Walioambiwa wangelipa kwa kadi walitaja bei iliyofikia hata maradufu ya ile iliyotajwa na walioambiwa wangelipa taslimu. Kuhesabu noti na kuzikabidhi kwa mkono huleta uchungu fulani, na uchungu huo ni breki. Mkenya anayecheza kamari kwa simu huweka dau kutoka mfuko uleule wa kielektroniki anamopokelea mshahara, bila kuvaa viatu, bila kusimama mbele ya mtu. Breki zote zimeng'olewa.

Kukubali bila kukubali

Mwaka 2003, Eric Johnson na Daniel Goldstein walilinganisha nchi za Ulaya kuhusu idadi ya watu waliohesabiwa kuwa wameridhia kutoa viungo vyao baada ya kufa. Ujerumani ilikuwa na asilimia 12. Austria, jirani yake wanaozungumza lugha moja, ilikuwa na asilimia 99.98. Tofauti haikuwa ya huruma. Ujerumani ilimtaka mtu ajisajili ili akubali, ilhali Austria ilimhesabu kila mmoja kuwa amekubali hadi aseme hapana. Watu wengi katika nchi zote mbili hawakufanya lolote.

Kwa anayeunda programu, matokeo hayo ni dhahabu. Chochote anachotaka ukikubali, anakiweka kiwe kimekwisha kukubaliwa. Kisanduku huja na alama ya tiki tayari. Kitufe cha ndiyo hupakwa rangi ya kijani inayong'aa, kile cha hapana kikaandikwa kwa herufi za kijivu zinazokaribia kufutika. Mitego mingine ni ya kitoto, kama vile tangazo kwamba zimebaki nafasi mbili tu, na haihitaji maelezo marefu.

Inayohitaji maelezo ni ile ya programu za mikopo, kwa sababu mteja wake huja akiwa katika hali maalumu. Mwaka 2013, Anandi Mani na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Wakulima haohao walipewa majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, mifuko ikiwa mitupu, na baada ya mavuno, pesa zikiwa zimeingia. Walifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno. Watafiti walieleza kwamba shida ya pesa huikalia akili na kuipunguzia nafasi ya mambo mengine. Mkulima wa miwa wa magharibi mwa Kenya anayengojea malipo hatahitaji kuthibitishiwa hilo na mtu yeyote.

Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo saa nne usiku, mtoto akiwa hospitalini. Programu ya mkopo inamwomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo katika simu yake. Ombi hilo linakuja baada ya kujaza fomu, hatua moja kabla ya pesa. Katika miaka ya mwisho ya muongo wa 2010, Wakenya wengi waliobonyeza kukubali walikuja kugundua maana ya kitendo hicho walipochelewa kulipa, pale wakopeshaji walipoanza kuwapigia wakwe zao, waajiri wao na wachungaji wao. Aliyebuni utaratibu huo aliielewa vyema saikolojia ya aibu katika jamii ambapo mtu hujulikana kwa jamaa zake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaeleza kuwa ridhaa sharti iwe ya wazi, ya hiari, mahususi na yenye kufahamu. Kanuni za Benki Kuu kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zilifuata Machi 2022. Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza faini ya Sh2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, iliyomiliki programu za mikopo za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na nambari za watu zilizopatikana kutoka kwa wengine na kuwatumia jumbe za vitisho.

Lililopuuzwa katika mjadala wetu ni kwamba sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 41, inadai ulinzi wa data uwe ndani ya usanifu wenyewe na uwe ndio hali ya kawaida kabla ya mtu kugusa chochote. Kwa maneno mengine, bunge liliukubali ushahidi wa Johnson na Goldstein, pengine bila kuwataja, na kusema kwamba uzembe wetu wa kawaida haufai kugeuzwa kuwa saini.

Mwingereza Harry Brignull, aliyesomea taaluma hizi, ndiye aliyezipa hila za namna hiyo jina la pamoja mnamo 2010, akianza kuzikusanya na kuzianika hadharani. Mojawapo inafanana na dema la wavuvi wa pwani yetu. Mlango wa kuingilia ni mpana na unamwelekeza samaki ndani, lakini akitaka kutoka haoni njia.

Nchini Marekani, mahakama na wasimamizi wa biashara wameanza kuvipima vitufe kama ushahidi. Desemba 2022, kampuni ya Epic Games, mmiliki wa mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 245 kuhusiana na madai kwamba mpangilio wa vitufe vyake uliwafanya wachezaji watozwe pesa bila kukusudia. Mchezaji angeweza kutozwa kwa kubonyeza kitufe kimoja akijaribu kuuamsha mchezo uliolala, au kwa kugusa kitufe cha jirani alipotaka tu kuitazama bidhaa. Hicho ni kisa cha B-17 kwa mara nyingine, swichi mbili bega kwa bega, isipokuwa safari hii kuna aliyefaidika na kuteleza huko.

Kesi ya Amazon ilikuwa kubwa zaidi. Katika mashtaka yaliyowasilishwa Juni 2023, Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilidai kwamba mteja aliweza kujiunga na huduma ya Prime kwa mibofyo mmoja au miwili, lakini aliyetaka kujiondoa alipitishwa katika kurasa nne, mibofyo sita na chaguo kumi na tano. Kwa mujibu wa hati hizo, ndani ya kampuni utaratibu huo wa kujiondoa uliitwa Iliad, jina la utenzi mrefu wa Homer kuhusu vita vya Troy. Septemba 2025, Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 bila kukiri kosa, ambapo bilioni moja ni faini na bilioni moja na nusu ni za kuwarudishia wateja.

Mapatano hayo hayakuishia kwenye pesa. Yanaitaka kampuni iufanye utaratibu wa kujiondoa usiwe mgumu kuliko ule wa kujiunga, na iweke kitufe kinachoonekana waziwazi cha kuikataa huduma. Yanagusa hadi maneno ya kitufe chenyewe: mteja asilazimishwe tena kubonyeza sentensi inayosema kwamba hataki kuletewa bidhaa bila malipo, ilhali alichotaka kukataa ni uanachama wa kulipia.